Gumbo ya Cajun kwenye chungu cha umeme: dalili, sababu na dawa yake

Gumbo ni mchuzi wa nyama na mboga unaoliwa na wali. Malalamiko kuhusu gumbo ya chungu cha umeme (slow cooker) ni yaleyale, awe mpishi yuko Houston, Nairobi au Muscat. Mchuzi maji. Mafuta yanaelea. Bamia inavutika. Kuku kakauka, au hajaiva na saa sita zimeshapita. Mengi ya malalamiko hayo yana mzizi mmoja: chungu cha umeme hakikaangi na hakikaushi maji. Kinachemsha taratibu chini ya mfuniko, mvuke ukipanda unagonga kioo na kurudi ndani.

Gumbo yenyewe ni chakula cha kukaangwa kwanza. Imetoka kusini mwa Louisiana, Marekani, kwenye sufuria nzito za chuma. Wacajun ni uzao wa Wafaransa wa Akadia ambao Waingereza walianza kuwafukuza Nova Scotia (Kanada ya leo) mwaka 1755. Walipofika Louisiana walikuta bamia iliyoletwa na Waafrika waliotiwa utumwani, na unga wa filé wa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa eneo hilo, unaosagwa kutokana na majani ya mti wa sassafras. Ladha ya gumbo inajengwa jikoni kwenye moto, ndipo chungu kinapokea kazi ya kulainisha. Ukigawa kazi hivyo, nusu ya matatizo yaliyomo humu hutayaona kabisa.

Vipimo ninavyovirejelea ni vya chungu cha lita 5 au 6: mapaja ya kuku kilo 1, soseji ya moshi gramu 400, kitunguu maji kilichokatwa vikombe 2, hoho ya kijani kikombe 1, seleri kikombe 1, kitunguu saumu punje 5, mafuta ya kupikia nusu kikombe, unga wa ngano nusu kikombe, supu ya kuku vikombe 5, bamia gramu 250. Saa 5 hadi 6 kwa LOW, kitufe cha mwendo wa taratibu (HIGH ni cha mwendo wa haraka). Soseji ya asili ni andouille, ambayo ni ya nguruwe. Asiyekula nguruwe atumie soseji ya ng'ombe iliyopitishwa moshini, au bata mzinga wa moshi, ambaye hata Louisiana kwenyewe anaingia kwenye gumbo.

Mchuzi ni mwepesi kama maji

Kwanza hakikisha ni tatizo kweli. Gumbo humwagiwa wali, kwa hiyo haitakiwi kuwa nzito kama rojo la biriani. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki, mchuzi uko sawa. Ukijifunga palepale, endelea kusoma.

Sababu inayoongoza ni supu nyingi. Mapishi mengi yameandikwa kwa ajili ya sufuria iliyo wazi, inayopoteza maji saa nzima au zaidi. Kwenye chungu hakuna kinachotoka, tena kuku, kitunguu na hoho vinaongeza maji yao wenyewe. Mapishi ya jikoni yakisema vikombe 8 vya supu, wewe weka 5.

Ya pili ni ruu, yaani ule unga uliokaangwa kwenye mafuta. Kadiri unavyoukaanga ukawa mweusi, ndivyo nguvu yake ya kuufanya mchuzi uwe mzito inavyopungua, kwa sababu wanga wenyewe unavunjika kwa joto. Anayetaka rangi ya chokoleti ya kweli hawezi kutegemea vijiko viwili vya unga. Aongeze kiasi, au akubali kwamba ruu imekuja kwa ajili ya ladha na uzito utatoka kwenye bamia au filé.

Ya tatu, ambayo haitokei sana: ruu ilitupwa ndani ya supu ya baridi ikaganda mabonge chini. Kwaruza chini kwa mwiko uone.

Kama tayari umefika mezani na mchuzi maji, dawa nyepesi ni kuchota vikombe 2 vya mchuzi, kuvichemsha kwa moto mkali kwenye kikaango kipana mpaka vibaki nusu, kisha kuvirudisha. Kufunua mfuniko na kuweka HIGH kunasaidia, ila kwa mwendo wa kobe. Ikiwa bado, kaanga ruu ndogo ya rangi ya karanga, vijiko 2 vya mafuta kwa vijiko 2 vya unga, ichanganye na mchuzi wa moto kidogokidogo kabla ya kuimimina chunguni, na iache dakika 30. Wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi nao unaokoa, ingawa mpishi wa Louisiana atakukunjia uso. Usinyunyize unga mbichi juu ya mchuzi. Utapata mabonge na ladha ya uji.

Mafuta yanaelea juu kidole kizima

Hapa mshitakiwa wa kwanza ni soseji, wa pili ni ngozi ya kuku. Vyote vina mafuta ambayo kwenye kikaango yangetoka mapema ukayamwaga. Kata soseji duara, ikaange hadi ibadilike rangi, itoe mafuta, ndipo iingie chunguni. Kuku mvue ngozi.

Ikiwa ulifanya hayo yote na bado mafuta yanaelea, basi ruu imeachana: mafuta yamekwenda juu, unga umekwenda chini. Hutokea mafuta yakizidi unga, au ruu na supu zikikutana ghafla. Supu iwe ya moto, imiminwe kwa upawa mmojammoja huku unakoroga, mpaka upate uji laini usio na mafuta pembeni. Fanya hivyo kwenye sufuria jikoni, usifanyie chunguni.

Mafuta yaliyokwisha kuelea yachote kwa kijiko kikubwa huku chungu kimezimwa. Njia nzuri kuliko zote ni kuiacha gumbo ilale kwenye friji, asubuhi unaondoa utando mgumu wa juu. Gumbo ya kulala ni tamu zaidi, hilo wapishi wengi wa huko wanakubaliana nalo.

Ina uchungu, au ladha ya kuungua

Tazama ruu yako kwa jicho kali, kwa sababu hapa ndipo gumbo inapokufa. Ruu nzuri inapita rangi nne: nyeupe, ya karanga, ya shaba, kisha ya chokoleti. Kwa moto wa wastani kuelekea mdogo inachukua kama dakika 30 hadi 45, na huondoki. Unakoroga kwa mwiko bapa unaofika pembe zote za sufuria, maana unga unaanza kuungua pale mwiko usipopita. Mwanzoni inanuka mkate, baadaye karanga za kukaanga, mwishoni kitu kinachokaribia kahawa. Ukiona nukta nyeusi zinazoelea ambazo hazikuwepo dakika moja kabla, na moshi unaanza kuchoma pua, imekwisha. Hakuna sukari, nyanya wala krimu itakayoiponya. Mwaga, osha sufuria, anza tena. Unga na mafuta ni bei ndogo kuliko kuku na soseji utakazoharibu.

Ikifika rangi unayotaka, tupia kitunguu, hoho na seleri palepale. Mboga zinapoza ruu na kuizuia isiendelee kuungua, nazo zinaiva humohumo. Kitunguu saumu kiingie mwisho, dakika moja tu, kwa sababu chenyewe kikiungua kinaleta uchungu unaoweza kudhani ni wa ruu.

Anayeogopa kusimama jikoni kwa muda wote huo atandaze unga mkavu kwenye trei, auweke kwenye oveni ya nyuzi 200 za Selsiasi kwa karibu saa nzima, akiugeuza kila dakika 10 hadi 15. Unapata unga wa kahawia usio na mafuta, unaoyeyushwa kwenye supu. Kwa chungu cha umeme napendelea njia hii, na inaondoa lile tatizo la mafuta kuelea.

Onyo: ruu ya moto inanata kwenye ngozi na inaendelea kuunguza. Watoto wasiwe karibu. Ikikurukia, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta achana navyo. Kama ni usoni, kwenye kiungo, au lengelenge ni kubwa, nenda hospitali.

Kuku kakauka, au nyama ni ngumu

Uliza kwanza ni kuku gani. Kidari cha kuku wa kisasa kikikaa saa 6 kinakuwa nyuzi kavu katikati ya mchuzi. Tumia mapaja. Kama kidari ndicho ulicho nacho, kiingize nusu ya pili ya upishi na ukitoe kikifika nyuzi 74 katikati.

Kuku wa kienyeji ni habari nyingine kabisa. Huyo akiwa mgumu baada ya saa 6, hajapikwa vya kutosha. Mchemshe kwanza kwenye sufuria au presha kuka mpaka nyama ianze kukubali uma, tumia supu yake, kisha mhamishie chunguni. Louisiana vijijini kuku mzee aliyekwisha kutaga ndiye anayesifiwa kwa gumbo, kwa sababu ya supu yake nzito. Ng'ombe wa shingo au mguu naye vilevile: ugumu wake unataka muda zaidi. Kuongeza moto hakusaidii, kwani LOW na HIGH vinaishia karibu joto lilelile. Tofauti ni mwendo wa kufika.

Kamba wagumu sababu yao ni moja: wamepikwa mno. Waweke dakika 15 za mwisho, chungu kikiwa HIGH, na uzime wakishakuwa waridi na kujikunja.

Bamia inavutika, au mchuzi una nyuzinyuzi

Bamia mbichi iliyotupwa moja kwa moja ndani ya chungu itatoa ute kwa saa zote hizo. Ikate, ikaange kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo, bila kurundika, dakika 10 au zaidi, mpaka ute ukauke na kingo ziwe kahawia. Kijiko cha siki au ndimu wakati wa kukaanga kinasaidia. Bamia iliyogandishwa inatoa ute zaidi kwa sababu ya maji yake, basi iongezee muda kikaangoni.

Ukiona nyuzi zinazofanana na gundi na hukuweka bamia, ni filé iliyochemshwa. Unga huo haupikwi. Zima chungu, subiri kuchemka kukome, ndipo uchanganye, au kila mtu ajiwekee kwenye bakuli lake. Nyuzi zikishatokea hazirudi. Wapishi wengi huchagua kimoja, bamia au filé, na mimi naona ni busara. Afrika Mashariki filé ni adimu, bamia ipo kila soko, kwa hiyo uamuzi ni rahisi.

Chumvi imezidi, pilipili inawasha, au imepooza

Chumvi inaingia kwa milango mitatu bila kubisha: soseji, mchanganyiko wa viungo vya Cajun wa dukani, na kidonge cha supu. Soma pakiti ya viungo. Mara nyingi chumvi ndiyo imeandikwa kwanza. Usiongeze chumvi yako mpaka saa ya mwisho. Imezidi tayari? Chota kiasi cha mchuzi, rudisha supu isiyo na chumvi na bamia zaidi, na upike wali bila chumvi. Kiazi cha kunyonya chumvi kinapunguza kidogo sana, kwa kuwa kinanyonya mchuzi mzima, si chumvi peke yake.

Pilipili ya unga nayo inatoa ukali wake wote ndani ya saa hizo. Anza na nusu ya unayotaka, iliyobaki ikae mezani.

Gumbo iliyopooza mara nyingi inatoka kwa mtu aliyeweka vyote vibichi akabonyeza kitufe akaenda kazini. Bila kukaanga nyama na mboga hakuna ule ukahawia unaobeba ladha. Ukishachelewa, kaanga vipande kadhaa vya soseji hadi vikolee rangi, vitie na mafuta yake kidogo, ongeza tone la siki, majani ya kitunguu na parsley iliyokatwa muda huohuo.

Mboga au maharage bado magumu

Karoti na viazi viwekwe chini kabisa, karibu na joto, vikatwe vidogo. Nyanya inachelewesha kulainika kwa sababu ya uchachu wake. Gumbo ya Cajun ya vijijini kwa kawaida haina nyanya, ile ya Kikrioli ya New Orleans ndiyo inayozitumia. Ukizitaka, ziweke mboga zikishalainika.

Maharage mekundu, yale ya New Orleans yanayopikwa siku ya Jumatatu na kuliwa na wali, yanahitaji onyo zito. Usiyaweke mabichi kwenye chungu cha umeme. Yana lektini, sumu ya asili inayoharibika kwa mchemko mkali tu. Joto la chungu linaweza lisifike huko, na maharage yaliyopashwa moto nusunusu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji, weka maji mapya, yachemshe jikoni yakitokota kwa nguvu. Dakika 10 ndiyo kiwango cha chini, 30 ni salama zaidi. Ndipo yaingie chunguni. Anayetapika saa moja hadi tatu baada ya kula maharage yasiyoiva anywe maji kidogokidogo. Akiwa mtoto, mjamzito au mzee, au maji hayakai tumboni, au kuna damu, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Saa nyingi zimepita na chungu hakichemki

Angalia kitufe. WARM inatunza chakula kilichoiva, haipiki. Kisha angalia mfuniko: kila ukifunua unaongeza kama dakika 20 au 30 za kupika. Kisha kiasi: chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili. Kisha nyama: iliyoganda barafu isiingie kabisa, iyeyushwe kwanza ndani ya friji.

Yote hayo yakiwa sawa, geukia umeme. Chungu kilichonunuliwa Afrika Mashariki au Oman ni cha volti 220 hadi 240. Ukikipeleka Marekani kwenye volti 120, kinafanya kazi kwa robo ya nguvu yake: taa inawaka, chungu kinakuwa vuguvugu, nyama inashinda kwenye joto linalopendwa na bakteria. Kinyume chake, chungu cha Marekani kikichomekwa Dar es Salaam bila transfoma kinavuta karibu mara nne ya nguvu yake, na waya wa joto unaungua. Soma kibandiko kilicho chini yake kabla ya kufungasha mzigo. Hata nyumbani, jioni umeme unaposhuka hadi volti 180, chungu cha 230 kinabaki na takriban asilimia 60 ya nguvu.

Kukipima, jaza maji ya kawaida nusu, funika, weka LOW saa 8, kisha pima haraka kwa kipimajoto cha chakula. Karibu nyuzi 85 ni sawa. Chini ya hapo kwa tofauti kubwa, usipikie nyama. Na chakula ambacho katikati yake hakijapita nyuzi 60 baada ya saa 4 kitupwe, hata kama kinanukia vizuri.

Umeme ulikatika katikati

Ulikuwepo nyumbani? Hamishia sufuriani haraka, malizia kwa gesi au mkaa. Kilikuwa kimeshaiva kabisa? Una saa 2 za kukila au kukiweka kwenye friji. Hukuwepo, na hujui umeme ulikatika saa ngapi? Mwaga. Baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi, kwa hiyo kuichemsha vizuri si jibu. Najua uchungu wa kumwaga kilo ya kuku. Chungu chenye saa inayomweka kinakusaidia kujua kwamba umeme ulikatika, hata kama umesharudi.

Povu, uchachu, nyufa, au mtetemo wa umeme

Gumbo iliyolala ikitoa povu au harufu ya uchachu isionjwe. Kwa kawaida ilipozwa ndani ya chungu chenyewe, ambacho udongo wake mzito unashika joto saa nyingi. Igawe kwenye vyombo vifupi, iingie friji ndani ya saa 2, na uipashe jikoni hadi itokote. Wali uhifadhiwe peke yake, nao usilale mezani.

Bakuli la kauri lenye ufa lisitumike, hata kama halivuji. Hupasuka kwa kumwagiwa maji baridi likiwa la moto, au kutolewa friji na kuwashwa papo hapo. Tafuta bakuli jingine la saizi ileile.

Ukigusa chungu ukahisi mtetemo wa umeme, ukasikia harufu ya plastiki kuungua, au swichi kuu ikajikata kila unapowasha, usiguse tena. Zima kwenye ukuta kwa mkono mkavu, au kwenye swichi kuu kama soketi yenyewe ina moto, ndipo uchomoe. Usifungue sehemu ya chini mwenyewe, na usibadilishe plagi ya miguu mitatu kuwa ya miwili ili iingie kwenye soketi. Mpelekee fundi umeme. Kama chungu kinafanya vizuri kwa jirani na kwako kinatetemesha, mwambie fundi aanze na waya wa ethi wa nyumba, na chungu kikae bila kutumika mpaka amalize.